SOMO LA WAZAZI NA VIJANA: MTOTO ASOME KARIBU AU ASOME MBALI?

Kusoma: Luka 14:28-30, 1 Samweli 2:18-19, Matendo 22:3 na 23:16



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, kuna furaha katika kartie zetu za Kalemie. Watoto wanajipaka unga mweupe, akina mama wanapiga vigelegele. Kisha furaha inapoa, na ulizo linaingia nyumbani: sasa mtoto aende wapi? Abaki hapa kwetu, kwenye Chuo Kikuu cha Kalemie, ao apande treni mpaka Lubumbashi? Ulizo hili limegawanya jamaa nyingi. Ndiyo maana tumeona vizuri kuliweka katika somo la mwezi huu.

1. Wazee wetu hawakuwa na chaguo

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Chuo kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954 kule Kinshasa, wakati ule ikiitwa Léopoldville. Cha Lubumbashi kilifuata mwaka 1956, na cha Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 Serikali iliviunganisha vyote vitatu kuwa kimoja, na mwaka 1981 ikavitenganisha tena. Katika miaka ile kijana wa Kalemie aliyetaka masomo ya juu alipashwa kuondoka tu. Leo vyuo ni vingi, hata katika miji midogo. Hiyo ni baraka. Lakini mwenye njia moja hapotei. Mwenye njia mbili anapashwa kufikiri.

2. Kosa letu sisi wenyewe

Hatuandiki haya kama watu wasiokosea. Miaka iliyopita kijana mmoja wa parokia yetu alipata diploma ya Serikali kwa asilimia nzuri. Sote tulisema: huyu aende mbali, mji mkubwa, ili jina la parokia lisikike. Tulipitisha kikapu cha matoleo, tukapata pesa ya safari, tukamwombea, tukamsindikiza kwa nyimbo mpaka kwenye stesheni.

Kule alifikia kwa baba yake mdogo. Asubuhi alichota maji, mchana alilinda duka, usiku ndipo alifungua daftari. Mwisho wa mwaka minervali haikuwa imemalizika, na jina lake halikuwa katika orodha ya wale wanaoruhusiwa kufanya mitihani. Alirudi amekonda, akiwa na haya. Nasi, tuseme kweli, wengine wetu tulinong'ona kwamba alikuwa mvivu.

Kumbe uvivu ulikuwa wetu. Tulichanga safari, hatukuchanga chakula. Tulianza mnara bila kukaa chini na kuhesabu, kama Bwana anavyofundisha katika Luka 14. Na aliyechekwa hakuwa sisi, alikuwa mtoto.

3. Mambo ya kuhesabu

Kabla ya kuamua, jamaa likae pamoja, na mtoto mwenyewe awepo. Mchukue karatasi, mwandike upande mmoja "karibu", upande mwingine "mbali", na mjibu haya:

Masomo yenyewe. Je, somo analotaka mtoto linafundishwa hapa? Kama lipo hapa, na walimu wapo, na kitabu na maabara vipo, mbali kunaongeza nini? Lakini kama halipo, kumlazimisha asome kingine kwa sababu ni karibu ni kumfunga miguu.

Kutambuliwa kwa chuo. Si kila ubao ulioandikwa "chuo kikuu" unatambuliwa na Serikali. Uliza kwanza, tena uulize wale waliomaliza pale: diploma zao zilithibitishwa? Wamepata kazi nazo? Ulizo hili ni kwa chuo cha karibu na cha mbali vilevile.

Miaka yote, si mwaka wa kwanza tu. Zamani ilikuwa gradua miaka 3 na lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mpango mpya wa LMD umeingia: lisansi miaka 3, kisha masta miaka 2. Masomo ya udaktari yanadai miaka mingi zaidi. Tena, masomo ya bure yaliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, hayafiki chuo kikuu. Basi muhesabu minervali, chumba, chakula, sabuni, karatasi, dawa ya malaria, na safari ya kurudi. Treni inayopita Kabalo na Kamina mpaka Lubumbashi inaweza kuchelewa siku nyingi. Chakula cha njiani nacho ni hesabu.

Nani atamwangalia. Kama atakaa kwa ndugu, msikilizane mbele: atafanya kazi gani za nyumba, saa ngapi atasoma, ninyi mtatuma nini. Ndugu pia ana watoto wake na shida zake. Msimtumie mtoto kama mzigo bila barua.

Anayekaa karibu naye ana gharama. Mtoto anayesomea nyumbani, wageni wakija anatumwa, mtoto mdogo akilia anaitwa, msiba ukitokea anakosa masomo juma zima. Wazazi wanasema "yuko hapa tu". Hapana. Yuko chuoni, hata kama analala nyumbani. Mumpe taa, meza, na saa zake.

4. Binti na kijana

Mwaka mmoja baadaye binti mmoja alikuja na mama yake, muuza ndakala wa sokoni. Alitaka kusoma kutibu wanyama, masomo ambayo Lubumbashi ina fakulte yake. Sisi wazee tulijibu haraka: msichana akae karibu, mbali kuna hatari.

Mama yule alinyamaza kidogo, akasema: "Baba zangu, yule kijana mlimpeleka mbali bila kuuliza hatari. Huyu wangu mnauliza hatari, hamuulizi akili yake."

Hatukuwa na jibu. Hatari ipo, hatuifichi. Wako wakubwa wasio na haya wanaouza pointi kwa miili ya wasichana. Lakini watu wa namna hiyo wako karibu na wako mbali. Kinachomlinda binti si kilometa. Ni kujua kwamba akisema "hapana" na kupoteza mwaka, nyumbani hatafukuzwa. Ni kuwa na mtu wa kumwambia siku ileile.

Tulikaa, tukahesabu. Mama mkubwa wake wa Lubumbashi alikubali kumpokea, na masikilizano yakaandikwa. Jamaa nne za parokia zilichukua zamu ya kutuma unga na ndakala. Binti alikwenda. Ndugu yake aliyemfuata alichagua ualimu, akabaki kusomea hapa, naye pia tukamnunulia taa. Hatujui bado watamaliza namna gani. Tunajua tu kwamba safari hii hatukumwacha mtoto peke yake.

5. Maombi na miguu

Wengine walituletea ndoto: mmoja aliona mlango umefunguka upande wa kusini, mwingine aliona mto umefurika. Katika kanisa letu hatudharau maono. Lakini maono hayamzuii mtu kwenda kuuliza kwenye ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Omba, kisha vaa viatu. Na mzazi asiseme "Mungu ameniambia" akiwa anaficha woga wake, wala kijana asiseme hivyo akiwa anakimbia tu macho ya baba yake.

6. Mfano wa Maandiko

Paulo alizaliwa Tarso, lakini alilelewa Yerusalemu, akafundishwa na Gamalieli. Na baadaye tunaona mtoto wa dada yake alikuwa kule Yerusalemu, naye ndiye aliyesikia shauri la kumwua, akamwonya. Samweli alikuwa mbali na nyumbani, lakini Hana alimpelekea kanzu ndogo kila mwaka. Kila mwaka alipashwa kujua mtoto ameongezeka kiasi gani. Tuangalie hilo: mbali si kosa, karibu si uoga. Kosa ni kumtuma mtoto na kusahau kipimo cha kanzu yake.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa na katika makundi

a) Katika nyumba yetu, nani anaamua mtoto asome wapi? Mtoto anasikilizwa?
b) Tunauliza binti na kijana maulizo yaleyale?
c) Je, kuna mwanafunzi wa parokia aliye mbali ambaye hatujamwandikia tangu aondoke? Ni nani atamwandikia juma hili?
d) Je, kuna aliyerudi bila kumaliza? Tumekwenda kumsalimia, ao tumemnong'ona tu?

Bwana awape wazazi hesabu nzuri, na vijana moyo wa kusoma. Amina.