NYIMBO ZILIZOSIKIKA TOKA NJE

Somo: Amosi 6:4-6, Luka 15:25-32



Mzee mmoja wa kanisa alitujia hapa Upanga na shauri zito. Kijana apigaye tarumbeta katika ibada yetu, usiku wa Jumamosi hupiga gitaa katika ukumbi wa dansi, Kariakoo. Je, aondolewe miongoni mwa wapiga tarumbeta? Tuliomba muda, tukayatafuta Maandiko; nayo tuliyoyaona twawaletea ninyi, mpate kuyafundisha.

Mahali penyewe mwapajua. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutwaliwa mwaka 1916. Watu wa makabila mengi wakakusanyika humo, pasipo mjomba wala shangazi. Siku zile ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya, ilikuwa ikienezwa na askari na wapagazi wa vita ya 1914-1918. Wachezaji walikuwa na vyama vyao, Marini na Arinoti, vyenye vyeo kama vya jeshi, na gwaride, na matarumbeta. Wamisionari wengi waliichukia ngoma hiyo. Lakini angalieni jambo hili: vyama vile vilimzika mgeni aliyefia mjini, tena vilimtunza mgonjwa. Asiye na ndugu alipata ndugu.

Kisha yakaja madansi ya gitaa na saksafoni: Dar es Salaam Jazz mwaka 1932, na wengine baada yao. Mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walilipwa mshahara. Basi kupiga gitaa kukawa kazi ya kulisha watoto, kama useremala. (Wazee wetu hulisahau hili, hudhani kila ashikaye gitaa ni mvivu.)

Sasa tumsikilize Amosi. Nabii hakugombana na kinubi, maana Daudi naye alikuwa nacho. Aliwakemea watu walioimba na kunywa, na huku maangamizi ya ndugu zao hayakuwahuzunisha. Wala tusiyapunguze makali ya neno hili. Katika kumbi zile pombe yauzwa. Mshahara wa mwezi huliwa usiku mmoja, na mke yu nyumbani akingoja. Binti hurudi alfajiri, hana wa kumlinda. Hata hivyo, Remmy Ongala wa Super Matimila, aliyezaliwa Kongo mwaka 1947, aliwaimbia wachezaji habari za maskini na za kifo katika dansi lenyewe. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki tarehe 13 Desemba 2010, aliimba nyimbo za Injili. Huyo, je, hakuwahuzunikia ndugu zake tangu alipokuwa ukumbini?

Katika Luka, kaka mkubwa alipoikaribia nyumba alisikia nyimbo na machezo. Hakuingia, alimwuliza mtumishi, akakasirika, akasimama nje. Sisi wahubiri hukaa sana kwa mwana mpotevu, na huyu kaka twampita upesi, labda kwa kuwa twafanana naye. Tena nyimbo zile zilitoka katika nyumba ya baba mwenyewe. Naye baba alitoka mara mbili: mbio kumlaki mdogo, na tena kumsihi mkubwa.

Tulimjibu mzee hivi: Usimwite kijana barazani, nenda kwake. Mwulize kama fedha yake yafika nyumbani, kama anywa, na jinsi arudivyo usiku. Mwulize pia, alipougua homa mwaka jana, ni nani waliomjia. Mzee akanyamaza, maana alijua. Wenzake wa bendi walimchangia dawa, wakapokezana kulala kwake siku nne. Sisi tulilitaja jina lake katika maombi, Jumapili moja.

Juma lililofuata mzee alikwenda, saa kumi alasiri, kwa kuwa asubuhi kijana hulala. Alichukua machungwa.