"Ajali Haina Kinga"?

Fundi akianguka kutoka juu ya jengo, watu husema, "Ajali haina kinga". Aliyeumia huondolewa, na kazi huendelea. Sisi twaona ya kuwa methali hiyo, ikitamkwa mahali hapo, mara nyingi huficha kosa. Ngazi iliyooza, mirunda isiyofungwa barabara, ubao mmoja mwembamba usio na kizuizi: hayo si bahati mbaya. Ni uzembe ulioonekana tangu asubuhi.

Tukumbuke amri ya kale. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, mtu ajengaye nyumba mpya aliagizwa azungushie ukingo dari yake, ambako watu walipanda na kukaa, asije akawa na hatia ya damu ya mwenye kuanguka. Tuangalie vema: hatia haikuwekwa juu ya aliyeanguka, bali juu ya mwenye nyumba.

Basi, yatupasa nini?

Kwanza, mwenye nyumba asimhimize mpaka rangi kumaliza upesi juu ya jukwaa la kubahatisha, kwa kuwa ataka kuokoa gharama ya mbao.

Pili, fundi naye ajilinde. Ngazi ikiegemea ukuta kwa kimo cha mita 4, miguu yake iwe mbali na ukuta mita 1, juu ya ardhi ngumu. Asijinyooshe kando ili kufikia pembe; ashuke, aisogeze.

Tatu, aliyeanguka asiinuliwe kwa kushikwa mikono na miguu. Akiwa amevunjika uti wa mgongo, kumtikisa kwaweza kumpoozesha maisha yake yote. Alazwe palepale, kichwa na shingo vikishikwa visigeuke, mpaka wenye ujuzi wafike. Na ikiwa hapana budi kumbeba, abebwe amenyooka juu ya ubao.

Tena, hapa Tanzania, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 yampa haki mfanyakazi aliyeumia kazini. Ajali itolewe taarifa mara moja, na dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Mke wa fundi na alijue jambo hili, maana mara nyingi yeye ndiye atakayefuatilia.

Mpaka rangi ana watoto wamngojao jioni. Tunapohesabu fedha za rangi, tuhesabu na za jukwaa imara. Kinga ipo; ni juu yetu kuiweka.