Dawa ya Kuongeza Damu

SOMO LA SABA

Mama mmoja wa Ilomba alikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa mnyonge. Hakucheza. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Zahanati walimpima damu. Mama akapewa dawa ya maji, ampe mtoto kila siku kwa kipimo.

Baada ya wiki mbili mtoto alianza kucheza. Mama akasema, "Amepona." Akaacha dawa. Mwezi uliofuata mtoto alilegea tena. Jirani akamshauri, "Mpe nyingi leo, ufidie siku zilizopita."

Je, jirani alisema kweli? Hapana. Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma, tena polepole. Mtoto akianza kucheza, akiba ya mwili bado haijajaa. Kwa hiyo dawa hutumika mpaka mganga aseme basi. Dawa nyingi kwa mara moja ni sumu. Inaweza kuua mtoto. Iweke mahali asipofika.

Tusimpe dawa hii kila mtoto bila kupima. Kisiwani Pemba, penye malaria nyingi, maelfu ya watoto wadogo walipewa madini ya chuma na foliki kila siku. Mwaka 2003 utoaji huo ulisimamishwa. Waliopewa walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Lakini watoto wenye upungufu wa damu, waliopimwa na kutibiwa malaria mapema, walinufaika. Kwa hiyo dawa ya damu huenda pamoja na chandarua na kutibu malaria mapema.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri hivi: mahali ambapo watoto 40 au zaidi katika kila 100 wana upungufu wa damu, watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe madini ya chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Penye malaria, wakingwe malaria pia.

Dawa hii peke yake hairefushi mtoto. Ili akue anahitaji chakula cha kutosha: maharage, dagaa, maini, mboga za majani, na chungwa au pera. Chai yetu ya Rungwe ni nzuri, lakini asinywe pamoja na chakula. Chai huzuia madini ya chuma. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu. Tutumie choo, na watoto wavae viatu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini mtoto alilegea tena?
2. Watoto wa Pemba wanatufundisha nini?
3. Nyumbani kwako dawa huwekwa wapi?