Zaburi Zatufundisha Kulia na Kusifu Pamoja



Siku ya furaha, kila nyumba inajua kusali. Mtoto akibatizwa au mavuno yakiwa mema, tunamwimbia Mungu bila kufundishwa. Lakini shida ikibisha hodi, mara nyingi sala ya pamoja ndiyo inayokufa kwanza. Baba anachelewa kurudi nyumbani. Mama anasali peke yake, au anapeleka habari kwa jirani. Tuone jinsi Zaburi zinavyoweza kutusaidia.

Mungu anaturuhusu kulia

Kitabu hiki kina Zaburi 150, na zaidi ya theluthi moja ni za maombolezo: kilio cha mgonjwa, cha anayesingiziwa, cha taifa lililoshindwa vitani. Katika Zaburi ya 13, mzaburi anamwuliza Mungu mara nne mateso yake yatadumu mpaka lini. Bwana wetu Yesu, akiwa msalabani, alilia kwa maneno yanayoanza Zaburi ya 22. Basi, kulia mbele za Mungu si kukosa imani.

Lakini kuomboleza si sawa na kunung'unika. Zaburi ya 106 inakumbusha jinsi Waisraeli walivyonung'unika ndani ya mahema yao jangwani. Walimsema Mungu, hawakusema naye. Anayeomboleza hufanya kinyume: anamwita Mungu, anaeleza kinachomwuma, kisha anaomba msaada anaouhitaji.

Na sisi katika mahema yetu?

Tuseme mume amepoteza kazi, au mimba imetoka. Mume anasema, "Niko sawa," na mke ananyamaza ili asimsumbue. Kila mmoja anabeba mzigo wake gizani, na baada ya muda kila mmoja anadhani mwenzake hajali.

Tumwige mzaburi. Mke aseme, "Baba Fulani, ninaogopa karo ya muhula ujao. Naomba tukae tupange." Hayo ni tofauti na kusema, "Wewe huna faida." Maneno ya kwanza yanamwita mwenzako akaribie, ya pili yanamfukuza. Mkishaelezana, mpelekeeni Mungu jambo hilo hilo kwa sala moja fupi.

Tusiharakishe sifa

Zaburi nyingi za maombolezo huishia katika tumaini au sifa. Hata ile ya 13, ambayo ni fupi sana, inafunga kwa wimbo. Lakini Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani. Kanisa halikuiondoa, huisali Ijumaa usiku, kabla ya kulala. Kwa hiyo mwenzako akilia kwa kufiwa, usimwambie upesi, "Shukuru Mungu, yatapita." Kaa naye. Kumshika mkono kimya ni sala pia.

Sifa nayo ina wakati wake, na inahitaji kumbukumbu. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inarudia kwamba upendo wa Mungu haukomi. Katikati yake mzaburi anahesabu matendo: uumbaji, kuvuka Bahari ya Shamu, njia ya jangwani, chakula cha kila kiumbe. Nanyi hesabuni yenu: siku mliyofunga ndoa, mtoto aliyepona, deni mlilomaliza. Nyumba inayokumbuka mema hupata nguvu ya kusubiri.

Neno la tahadhari: anayepigwa nyumbani asiambiwe aomboleze tu na kuvumilia. Mzaburi aliomba kuokolewa. Aende mahali salama, amweleze paroko, wazee anaowaamini au chifu. Kutafuta msaada si kuvunja ndoa.

Zoezi la wiki hii

Chagueni jioni moja, watoto wakishalala.

1. Someni pamoja Zaburi ya 13, polepole.
2. Kila mmoja ataje jambo moja linalomwuma. Mwenzake asikilize bila kujitetea.
3. Kila mmoja ataje jambo moja la kumshukuru Mungu, na moja la kumshukuru mwenzake.
4. Malizeni kwa Baba Yetu, mkiwa mmeshikana mikono.

Zaburi ya 128 inaonyesha mke kama mzabibu wenye matunda, na watoto kama miche ya mizeituni kuizunguka meza. Marehemu Papa Fransisko aliitumia mwanzoni mwa waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia. Meza hiyo inatosha nyimbo na machozi. Mungu awabariki.