Somo la Michezo: Mshale Ukipotea, Kagua Ugwe Kwanza

Mwanafunzi aliyekuwa akigonga katikati ya shabaha muhula uliopita ameanza kukosa. Mwalimu anamwambia akaze mkono, atulize pumzi, aache haraka. Huenda mkono wake hauna kosa lolote. Sehemu ya upinde inayochakaa upesi ni ugwe, yaani ule uzi unaovutwa, na ukichakaa mshale hubadili njia hata kama mlengaji ni yule yule.

Upinde wa shule hutumiwa kwa zamu. Watoto kumi wakirusha mishale thelathini kila mmoja, ugwe umevutwa mara 300 jioni moja. Walimu wa michezo na wazazi wanaosimamia vikundi vya vijana wana sababu ya kuufahamu uzi huo kabla ya kumwondoa mtoto kikosini.

Tuanze na hesabu. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako Shehzana Anwar alibeba bendera ya Kenya mjini Rio mwaka 2016, walenga shabaha kwa upinde husimama mita 70 kutoka kwa shabaha yenye upana wa sentimita 122. Duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 pekee. Mshale ukipinda digrii moja tu unapotoka, utafika kama sentimita 122 mbali na ulikolengwa, na hapo umeikosa shabaha nzima. Sehemu moja ya ishirini ya digrii inatosha kuufikisha ukingoni mwa duara la kumi. Mtu hawezi kuliona kosa dogo kiasi hicho kwa macho, lakini ugwe uliolegea unaweza kulileta.

Ugwe hurefuka kwa matumizi, hasa ule wa polista ambao hufungwa kwenye pinde nyingi za wanaoanza. Ukirefuka, nafasi kati yake na mpini wa upinde hupungua. Kwa upinde wa michezo wa inchi 68, nafasi hiyo huwa takriban sentimita 22. Ikipungua, mshale hukaa kwenye ugwe kwa muda zaidi kabla ya kuachana nao, na kila mtikisiko wa mkono hupata nafasi ya kuuharibu. Dalili zake ni upinde kutoa kishindo kikubwa kuliko kawaida na ugwe kumchapa mlengaji kwenye mkono ulioshika upinde. Dawa yake haina gharama: vua ugwe, uzungushe mara chache kuelekea upande uliosokotwa, urudishe, kisha pima tena. Kuzungusha huufupisha. Andika kipimo sahihi cha kila upinde kwenye kadi, maana mwalimu akikisia kwa macho atakosea.

Katikati ya ugwe kuna alama inayoonyesha mahali pa kuuweka mshale. Alama hii ikiteleza milimita mbili au tatu, mkia wa mshale hupanda au kushuka, na mshale huruka ukiyumba juu na chini. Mlengaji hujaribu kurekebisha kwa kulenga juu zaidi au chini zaidi, na hivyo hujifunza kosa jipya.

Lililo zito kuliko yote ni ule uzi mwembamba uliozungushiwa sehemu ya katikati, pale mkia wa mshale unapobana. Ukilika, mshale hukaa huru na unaweza kuchomoka wakati wa kuachia. Hapo nguvu iliyopaswa kwenda na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe, ambao unaweza kupasuka mkononi mwa mtoto. Jaribio lake ni rahisi: shika upinde ukiwa umelala, ugwe ukielekea chini, na uning'inize mshale kwenye ugwe kwa mkia wake. Unapaswa kushika, kisha uanguke ukiugonga ugwe kidogo kwa kidole. Ukianguka wenyewe, upinde huo usitumike tena siku hiyo.

Kwa upinde wa mtambo, ule unaolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na kufyatuliwa kwa kidole, tatizo hili huja upesi zaidi kwa sababu ugwe husuguana na mfereji wa mshale kila unapofyatuliwa. Zaidi ya hayo, upande mmoja ukivutwa mbele ya mwingine, mshale huenda kando. Wenye pinde hizo hukimbilia kurekebisha darubini kila siku, ilhali kinachohama ni ugwe.

Wazee wa Kikamba na Waata wa maeneo ya Tsavo walilijua jambo hili kabla ya polista. Ugwe wao wa mishipa ya mnyama ulilegea ukipata unyevu, hivyo ilibidi uhifadhiwe pakavu. (Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, tunazungumzia michezo.)

Ugwe wa kisasa hupakwa nta kila unapoanza kuwa na manyoya manyoya. Usugue kwa vidole mpaka nta iyeyuke na kuingia ndani, lakini uache ile sehemu ya katikati. Usiuache upinde ndani ya gari lililoegeshwa juani. Uzi hata mmoja ukikatika, badilisha ugwe mzima. Hakuna fundo la kuutengeneza. Ukishauvua ule wa zamani, ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, maana mtoto akiuokota mzima ataufunga tena.