Kufundisha Watoto Wadogo Kazi ya Shamba

Ninyi wazazi wa Kindu, na ninyi wa vijiji vya kando ya Lualaba, sikilizeni. Mtoto wa miaka mitano au sita hufuatana na mama yake shambani. Huchukua kibuyu cha maji, hubeba mdogo wake, hufukuza ndege. Twasema, anasaidia. Vema. Lakini je, anajifunza? Mara nyingi anatumwa tu, na akiuliza jambo anaambiwa anyamaze. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu kulima pamba na mpunga, na jembe likawa kama adhabu. Tusimfanyie mtoto vilevile.

Tuanze na mpunga, ambao Waungwana waliuleta huku Maniema katika karne ya 19. Mtoto anayelinda ndege hukaa shambani siku nyingi. Mwambie avunje punje moja kwa meno. Leo ataona maji meupe kama maziwa. Baada ya siku chache, kitu laini kama unga uliokandwa. Kiisha punje itakuwa ngumu. Hapo atafahamu mwenyewe kwa nini ndege huja kwa wingi wakati wa maziwa, na kwa nini mama havuni upesi. Siku ya kupanda, mpe mbegu azitie ndani ya chungu cha maji. Zilizo tupu zitaelea, naye azitoe. Kwake ni mchezo.

Juu ya muhogo nitasema zaidi, maana hapa kosa la mtoto laweza kuleta njaa nyumbani. Tukitaka miti ya kupanda, twamtuma: Nenda ukate. Naye hukata ile iliyo karibu. Kumbe ina ugonjwa wa mabaka! Ugonjwa huo hukaa ndani ya mti wenyewe, na vijidudu vidogo vyeupe huueneza. Ukipanda mti mgonjwa, utavuna mizizi midogo. Basi, wakati wa kuchuma sombe, mtie mtoto mkononi jani zima, na jani lililojikunja lenye mabaka ya manjano. Mwulize tofauti yake. Usimjibu wewe, ngoja. Kiisha mpe vipande vya kamba afunge kila shina ambalo majani yake ni mazima. Miezi ikipita, majani yakipukutika, kamba zitaonyesha miti ya kukata. Najua wazee wengine watacheka wakiona shamba limevikwa kamba. Wacheke.

Tena mpe mtoto kishamba chake, hatua mbili kwa tatu. Asipande muhogo humo, maana kungoja mwaka kutamchosha. Karanga zafaa, kwani huiva katika miezi 3 au 4, na maua yake hushangaza: yachanua juu, lakini karanga zazaliwa chini ya udongo. Aking'oa shina ataona vinundu katika mizizi, atadhani ni ugonjwa. Mweleze kwamba ndivyo vinavyotoa chakula cha mmea hewani na kukitia katika udongo. Nazo karanga zake, baba asizichukue kuziuza. Azile, azigawie rafiki zake, na kopo moja aliweke kwa mbegu.