Anza na Kinachokuudhi: Jinsi ya Kuitazama Alien 3

Mtu anayetaka kujifunza kuithamini filamu iliyokataliwa na wengi, simshauri aanze kwa kutafuta mazuri yake. Akianza hivyo ataambulia sifa ndogondogo, taa hapa, vazi pale, mwigizaji mmoja aliyejitahidi, na kinyongo chake kitabaki palepale. Mimi huanza upande wa pili. Nalichukua lile jambo lililowaudhi watazamaji kuliko yote, nalisema kwa sentensi moja isiyopepesa, halafu naitazama filamu nzima nikiwa na swali moja tu: uamuzi huu umezaa nini? Ukiwa haujazaa kitu, basi filamu ni mbovu na haina haja ya wakili. Lakini mara nyingine unakuta mazuri yote ya filamu yameota juu ya uamuzi uleule uliochukiwa, na hapo huwezi tena kuyasifu hayo huku ukiulaani huu. Mfano unaonishawishi kuliko yote ni Alien 3 ya mwaka 1992, filamu ya kwanza ya David Fincher, ambaye alikuwa na miaka 29 ilipotoka.

Sentensi ya kinyongo chake ni rahisi kuiandika: filamu hii iliwaua watu tuliowapenda bila hata kuwapa nafasi ya kupigana. Katika Alien ya Ridley Scott, mwaka 1979, Ellen Ripley, aliyeigizwa na Sigourney Weaver, alinusurika shambulio la zimwi la angani peke yake pamoja na paka wake. Katika Aliens ya James Cameron, mwaka 1986, alipata kitu cha kupigania. Alimwokoa mtoto Newt kutoka kwenye kiota cha mazimwi, akapata mwenzi wa kumtegemea, askari Hicks, na hata Bishop, roboti mwenye umbo la binadamu, akaaminika mwishoni. Tuliwaacha wamelala usingizi wa safari ndefu, kama familia. Alien 3 inafunguka kwa moto ndani ya chombo chao cha angani, na kabla majina ya wasanii hayajamaliza kupita kwenye skrini, Newt na Hicks wamekwisha kufa. Juu ya hayo, tangazo la kwanza la filamu mwaka 1991 lilikuwa limewaahidi watu kwamba safari hii zimwi linakuja duniani, na dunia haikuonekana kabisa. Cameron mwenyewe alilalamika hadharani kuhusu vifo vile. Kwa mtazamaji aliyelelewa na kanuni kwamba stelingi hafi na aliyeokolewa na stelingi naye hafi, hilo lilikuwa kama kuvunjiwa ahadi.

Sasa tuuangalie uamuzi huo umezaa nini. Kwanza, umeifanya Alien 3 kuwa filamu ya msiba, na sijui nyingine katika filamu kubwa za sayansi ya kubuni za miaka ile iliyoukalia msiba kwa muda mrefu hivi. Ripley anazinduka kwenye Fiorina 161, sayari yenye kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi na gereza la wanaume waliohukumiwa kwa makosa ya kutisha. Mapema kabisa anaomba aione maiti ya mtoto. Kisha anaomba ipasuliwe, kwa sababu anahofia zimwi limejificha ndani yake, na kwa kuwa hawezi kusema ukweli anasingizia kipindupindu. Upasuaji wenyewe hatuuoni sana. Tunausikia, na tunamwona Ripley akijilazimisha asigeuze uso. Hapo filamu inamtaka mama achague kati ya heshima ya maiti na usalama wa walio hai. Baadaye zinafuata taratibu za mazishi kwenye ukingo wa tanuru. Mkuu wa gereza anasoma maneno ya kanuni, halafu mfungwa Dillon, kiongozi wa dini waliyojianzishia wafungwa wale, anazungumza kutoka moyoni, naye Charles S. Dutton anaigiza bila kupandisha sauti zaidi ya inavyotakiwa. Miili inatupwa motoni, na papo hapo uhariri unatupeleka kwa mnyama anayepasuka kifua ili zimwi lizaliwe. Kuzika na kuzaliwa vimeunganishwa katika mapigo yaleyale ya muziki. Ondoa vifo vya Newt na Hicks, na tukio hili, ambalo nalihesabu miongoni mwa yaliyo bora katika filamu zote za mfululizo huu, haliwezi kuwapo.

Tazama pia kichwa cha Ripley. Hadithi inasema amenyolewa kwa sababu ya chawa waliojaa gerezani. Mtazamaji wa Afrika Mashariki anaona zaidi ya hapo, maana katika jamii nyingi za kwetu kunyoa ni sehemu ya kufiwa. Sidai kwamba waliotengeneza filamu walikusudia hivyo. Nadai tu kwamba tuna haki ya kuisoma sura ile kwa macho tuliyonayo, na kwamba usomaji huo unaipatia filamu uzito ambao wahakiki wa wakati ule, waliokuwa wakisubiri bunduki na majeshi, hawakuutafuta.

Bunduki hazipo. Hilo ni lalamiko la pili, na linajibiwa na uamuzi uleule. Aliens iliwapa askari silaha za kila aina. Hapa wafungwa wana mienge, milango na miili yao. Familia mpya ya Ripley inaundwa na watu ambao dunia imekwisha kuwatupa, na filamu inathubutu kutuambia walichofanya kabla ya kutuomba tuwahurumie. Dillon anamweleza Ripley bila kuficha kwamba yeye ni mbakaji na muuaji wa wanawake. Daktari Clemens, aliyeigizwa kwa utulivu mkubwa na Charles Dance, anakiri kwamba alipokuwa mtumwa wa mofini aliwapa majeruhi dozi isiyo sahihi, wakafa watu 11. Anamaliza kusema hayo, anaaminiwa, anajiandaa kumchoma Ripley sindano, na zimwi linamwua hapohapo. Wengi wanalihesabu tukio hili kama kosa lingine: kwa nini umuue mhusika anayevutia kuliko wote kabla filamu haijafika nusu? Lakini filamu iliyoanza kwa kumnyang'anya Ripley mtoto wake ikimwachia Clemens mpaka mwisho itakuwa imejikana yenyewe. Ripley lazima ajifunze kusimama mahali ambapo kila anayempenda anaondolewa.

Na sasa tunafika kwenye kiini. Baada ya kumwua Clemens, zimwi linasogeza uso wake karibu kabisa na wa Ripley, linamnusa, kisha linamwacha. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na filamu hii imejengwa juu ya jambo hilohilo: zimwi linamjua, kwa sababu ndani ya kifua chake Ripley amebeba malkia wa kizazi cha zimwi hilo. Ripley anapogundua hilo kupitia mashine ya kupimia mwili, analiendea zimwi gizani akitaka limmalize, nalo linakataa. Kwa hiyo yule mama aliyefiwa na mtoto amegeuzwa kuwa mama wa kitu alichokichukia maisha yake yote. Katika toleo refu la Aliens tunaelezwa kwamba binti yake wa kumzaa alizeeka na kufa wakati Ripley amelala angani. Uzazi wake umekuwa ukiporwa tangu hapo. Mwishoni Kampuni, ile inayomtaka malkia huyo akiwa hai, inamtuma mtu mwenye sura ya Bishop kumbembeleza: tutakitoa, utaishi, utazaa watoto. Ripley anajirusha kwenye tanuru. Uamuzi huo una nguvu kwa sababu hatuna tena Newt wa kumrudia wala Hicks wa kumsubiri. Wangekuwapo, tungeona mtu anayeiacha familia yake. Kwa kuwa hawapo, tunaona mtu ambaye amebakiwa na kitu kimoja tu cha kukataa, naye anakikataa.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu: kwamba kuua wahusika wakiwa usingizini ni njia rahisi ya kumshtua mtazamaji, na kwamba mimi naupamba uvivu wa waandishi kwa maneno makubwa. Kipimo changu ni hiki. Kifo kinakuwa cha bei nafuu pale hadithi inapokitumia kisha ikasonga mbele haraka, kana kwamba kazi yake ilikuwa kututisha tu. Alien 3 haisongi mbele. Inarudi kwa maiti, inarudi kwa machozi, inarudi kwa mabaki ya Bishop, ambaye Ripley anamuunganisha nyaya ili amweleze kilichotokea kwenye chombo na kisha anamzima kwa ombi lake mwenyewe. Ni matukio manne au matano ya kuwaaga wafu katika filamu ambayo mauzo yake yalitegemea mbio na mayowe. Mvivu asingejitwisha kazi hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hapa sitaki kuipendelea filamu. Ilitengenezwa kwa vurugu. William Gibson aliandika muswada uliowekwa kando. Vincent Ward alibuni sayari ya mbao inayokaliwa na watawa, kisha akaondoka. Walter Hill, David Giler na Larry Ferguson wakapita juu ya hayo yote. Mandhari zilijengwa kwenye studio za Pinewood, Uingereza, kabla maandishi hayajakamilika. Mpigapicha mkuu wa kwanza, Jordan Cronenweth, aliyepiga Blade Runner, ilimbidi aache kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, na Alex Thomson akachukua nafasi yake. Studio iliikata filamu, na Fincher ameikana kwa miaka mingi. Wapenzi wa Alien 3 huitumia historia hii kama utetezi: ingekuwa nzuri sana laiti wangemwachia kijana wa watu. Siukubali utetezi huo. Filamu tunayoihukumu ni ile iliyopo kwenye skrini, na ukianza kutoa alama kwa nia utaweza kuisifu filamu yoyote duniani. Kwa kanuni hiyohiyo, kuchukizwa kwa mwongozaji hakufuti alichokifanya. Fincher anazikumbuka siku za kazi na magomvi na wakubwa. Sisi tunayo mazishi, daktari na tanuru.

Na kwa kanuni hiyo lazima nikubali kasoro. Zimwi lilipigwa picha kama kikaragosi cha vijiti mbele ya pazia la buluu kisha likaingizwa kwenye picha nyingine, na katika sehemu kadhaa linaonekana limebandikwa, lina ukingo wa rangi usiolingana na chumba. Kazi ile iliteuliwa kuwania Oscar ya madoido ya picha, na bado macho hayadanganyiki. Mbio za mwishoni kwenye vichochoro zinachanganya: wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa na mavazi yanayofanana wanafunga milango, na ni vigumu kujua nani yuko wapi na nani amekufa. Njia inayonisaidia ni kuacha kufuatilia ramani ya jengo na kuifuata kamera tu, inayokimbia na macho ya zimwi, ikipinduka darini na ukutani. Hapo utaona kwamba mwongozaji alitaka tupoteze dira pamoja na wafungwa, ingawa alituzidishia kidogo. Sauti zitakusaidia zaidi ya picha. Muziki wa Elliot Goldenthal unaanza kazi kabla ya filamu yenyewe: wimbo wa nembo ya 20th Century Fox unakwama kwenye mlio wa karibu na mwisho na kugeuka kuwa kelele inayouma. Kisha zinaingia sauti za kwaya ya kanisani, na kutoka hapo unajua upo kwenye ibada ya wafu.

Kuhusu toleo la kutazama, nashauri lile refu lililotolewa mwaka 2003 katika mkusanyo wa diski za Alien, lenye dakika 145 hivi badala ya 114. Fincher alikataa kushiriki kulitengeneza, na halikusafishwa kila mahali, lakini linarudisha vitu vinavyohusika moja kwa moja na hoja yangu. Clemens anaonekana mwanzoni akitembea peke yake ufukweni, na ndiye anayemkuta Ripley. Zimwi linazaliwa na maksai badala ya mbwa. La maana kuliko yote, wafungwa wanafanikiwa kulifungia zimwi, na Golic, mfungwa aliyerukwa na akili aliyeigizwa na Paul McGann, anaenda kulifungulia kwa sababu amekwisha kuliabudu. Katika toleo la sinema Golic anapotea tu katikati ya hadithi bila maelezo, na imani ya wafungwa inabaki kama pambo. Katika toleo refu imani hiyo ina pande mbili: inampa Dillon ujasiri wa kubaki na zimwi ndani ya kalibu wakati risasi iliyoyeyushwa inamiminwa, na inampa Golic sababu ya kuwaangamiza wenzake.

Jambo moja tu ningelichukua kutoka toleo la sinema, nalo wengi hawatakubaliana nami. Pale, Ripley anapoanguka, malkia anapasua kifua chake, naye Ripley anamkumbatia ili asitoroke. Toleo refu limeliondoa hilo. Anaanguka amekunjua mikono, kifua chake kizima, na watazamaji wengi wanaona ndivyo inavyostahili. Nakubali kwamba picha ile ni safi zaidi. Lakini filamu hii tangu dakika ya kwanza ilikataa kutupa vifo safi, na mikono ya Ripley iliyomshika yule kiumbe inamaliza hadithi ya uzazi wake kwa namna ambayo mikono iliyokunjuliwa haiwezi. Tazama toleo refu kwanza, halafu utafute dakika za mwisho za lile la sinema, uamue mwenyewe.